Maswali tunayoulizwa kila wiki kuhusu farasi, uoga na kujiamini

Kila Mtanzania aliyepita darasa la saba anajua kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Aliyewahi kumgusa hata farasi mmoja ni nadra kumpata. Ndiyo maana wageni wakifika huku kwetu Mufindi, nje kidogo ya Mafinga, wakaona kichwa kirefu kinachungulia juu ya mlango wa banda, maswali huwa mengi kuliko karoti tulizonazo. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mara nyingi. Mimi nilianza kazi hii kwa kuchota kinyesi na kukata majani, na sasa nafundisha wanaoanza kupanda. Kinyesi bado nachota. Majibu ni yangu, na palipo na ubishi nimesema kwamba upo.

Kweli kuna farasi Nyanda za Juu Kusini? Mbona sijawahi kuwaona?

Wapo, ila ni wa kuhesabu, na wanakaa ndani ya mashamba ambako huwezi kuwaona ukiwa kwenye basi la Mbeya. Watu hudhani ni wachache kwa sababu ni ghali. Ghali ni kweli, lakini kikwazo kikubwa ni wadudu. Mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, na farasi akiupata hana uvumilivu wa ng'ombe wetu wa asili. Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoletwa na visubi wa milimita moja hadi tatu. Siyo wale nzi weusi wa mtoni wanaoleta upofu, ambao watu wa Rungwe wanawafahamu. Hawa ni wadogo zaidi na huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Virusi vikishambulia mapafu, farasi hufa ndani ya siku chache, povu likimtoka puani. Huko Afrika Kusini mlipuko wa 1854 na 1855 uliua farasi karibu 70,000. Pundamilia huambukizwa virusi hivyo hivyo na mara nyingi haonekani hata kuumwa, jambo ambalo farasi wangeweza kulilalamikia kama wangekuwa na pa kulalamikia.

Huku juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, baridi inatusaidia. Mbung'o si tatizo letu kama lilivyo kule bondeni Ruaha, na kipupwe kikianza visubi hupungua. Hata hivyo tunachanja, na jua likianza kuinama farasi wote wanaingia bandani. Mgeni anayetaka kupanda saa kumi na mbili jioni ili apate picha ya machweo hujibiwa hapana, hata akiwa na gari kubwa.

Siku ya kwanza nitapanda?

Huenda usipande. Najua inaudhi, hasa ukiwa umetoka Mbeya mjini alfajiri. Siku ya kwanza ni ya chini: kumsogelea farasi, kumpiga brashi, kuinua miguu yake na kusafisha kwato, kumwongoza kwa kamba, kumsimamisha, kumrudisha nyuma hatua mbili.

Hilo la kwato watu hulidharau mpaka walifanye. Huwezi kuinua mguu wa mnyama wa kilo 450 kwa nguvu zako. Unasimama ubavuni ukiangalia mkia, unapitisha mkono kutoka begani, unateremka taratibu hadi juu ya ukwato, halafu unasubiri. Akikuamini anahamisha uzito na kukupa mguu. Asipokuamini, utavuta mpaka jasho likutoke. Ukishapewa mguu huo, ukaushika kwenye kiganja na kuchokonoa udongo na vijiwe, kuna kitu kinakaa sawa ndani yako kabla hata hujakanyaga kikuku, kile chuma cha kuwekea mguu kwenye tandiko la mgongoni.

Mimi naamini, na wenzangu kadhaa wa kazi hii hawakubaliani nami, kwamba zaidi ya nusu ya ujasiri unaoitwa wa kupanda farasi hupatikana mtu akiwa bado amesimama ardhini. Nimeona waliopandishwa haraka, wakazungushwa uwanjani kama mzigo, wakashuka na picha nzuri. Walirudi nyumbani na uoga ule ule waliokuja nao.

Eti farasi ananusa uoga?

Hana haja ya kunusa, anauona. Porini farasi ni kitoweo cha wengine, na mnyama aliye kitoweo huishi kwa kusoma miili ya wenzake. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu nyuzi 350 kumzunguka. Asipopaona ni pale mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. (Ndiyo sababu tunakukataza kupita nyuma yake kimya kimya.) Masikio yanageuka kila moja kivyake. Na ngozi yake inamhisi nzi mmoja akitua, sembuse mapaja yako yanayotetemeka.

Kuna farasi mmoja wa Berlin aliyeitwa Hans, mali ya mwalimu Wilhelm von Osten, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alisifika kwa kufanya hesabu. Aliulizwa tatu jumlisha nne, akapiga ukwato mara saba. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alichunguza na kugundua kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akimwangalia muulizaji, na idadi ilipofikia jibu sahihi muulizaji aliinua kichwa kidogo sana bila mwenyewe kujua, na Hans akaacha kupiga. Muulizaji asiyejua jibu alipata jibu la ovyo. Wengi husimulia kisa hicho kama cha utapeli uliofichuliwa. Mimi nakiona kama sifa kubwa kuliko hesabu: mnyama aliyesoma kichwani mwa muulizaji kile ambacho muulizaji mwenyewe hakujua amekitoa.

Watafiti wa Sweden nao walichapisha jaribio lao mwaka 2009. Watu walimwongoza au kumpanda farasi njia moja mara kadhaa, kisha wakaambiwa kwamba safari ijayo mwavuli utafunguliwa ghafla pembeni ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ingawa hakuna aliyemwambia farasi habari za mwavuli.

Kwa hiyo unapoingia uwanjani ukitabasamu huku mabega yamegusa masikio na pumzi umeibana, unamwambia: kuna chui hapa, mimi nimeshamwona. Yeye atafanya la busara, atajiandaa kukimbia. Mpandaji mwoga huongeza jingine: anabana miguu, na kwa farasi mguu ukibana ni amri ya kwenda, wakati huo huo anavuta hatamu, ambayo ni amri ya kusimama. Ni sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki pamoja, kisha analalamika gari ni bovu.

Hatamu ndiyo nini hasa?

Zile kamba za ngozi zinazotoka kwenye lijamu, chuma cha mdomoni, hadi mikononi mwako. Wazee waliokua enzi za chama kushika hatamu hucheka sana wakizishika kwa mara ya kwanza, wakagundua kwamba ukizibana muda wote farasi hasogei, au anarudi nyuma.

Naogopa kweli kweli. Si bora niache tu?

Uoga wako una akili. Huyu ni mnyama mkubwa na teke lake huvunja mfupa. Asiyeogopa kabisa ndiye anayeninyima amani, kwa kuwa ndiye anayepita nyuma ya mkia akiongea na simu.

Ninachokuomba ni usiufiche. Sema kwa sauti, "Mwalimu, naogopa." Ukishasema, mabega yenyewe yanashuka kidogo, na farasi anaona mwili na maneno vimeanza kufanana. Halafu toa pumzi, ndefu, mpaka iishe. Ikishindikana, imba, maana huwezi kubana pumzi ukiwa unaimba. Mama mmoja wa kwaya kutoka Makambako alizunguka uwanja mzima akiimba sauti ya pili peke yake, macho ameyafumba nusu, na farasi wetu Ulanzi (tulimwita hivyo kwa rangi yake nyeupe iliyochafuka, kama ile pombe ya mianzi) akateremsha kichwa na kutembea kama anakwenda ibadani. Tangu siku hiyo kuimba ni sehemu ya somo. Vijana wa chuo huona aibu. Wakizidiwa, wanaimba.

Nina cheo kazini, nimezoea kuamrisha. Kwangu itakuwa rahisi?

Kwa kawaida huwa ngumu zaidi. Farasi hajui cheo. Alikuja bwana mmoja, sauti nzito, akamwambia farasi wetu mwingine, Kipupwe, "Twende!" kama anavyowaambia watu wake. Kipupwe akageuka akampa makalio. Bwana yule akaongeza sauti. Kipupwe akaongeza umbali. Saa nzima ilipita hivyo. Mwishowe alichoka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyamaza. Dakika kama kumi hivi zilipita, kisha farasi akaja mwenyewe na kumpulizia hewa ya moto shingoni. Sikusema neno, na yeye hakusema. Mgeni alipoondoka alishika mkono wangu kwa mikono miwili.

Kinyume chake alikuja dada wa ofisini, Iringa mjini, ambaye alinieleza kwamba kwenye vikao anasema jambo, linapita kama upepo, kisha mwenzake analirudia na kupigiwa makofi. Nikampa kamba ya Kipupwe huyo huyo. Akavuta. Farasi akasimama kama mti wa msitu wa Sao Hill. Akavuta tena, akimtazama usoni, akimbembeleza. Nikamwambia: dada, mnavutana kamba na mwenye kilo 450, hapo umeshashindwa. Mwache yeye. Tazama ule mlango wa kule, ndiko unakokwenda, toa pumzi, nenda. Mara ya kwanza alitazama mlango kisha akageuka kuangalia kama anafuatwa, na farasi akasimama. Mara ya tatu hakugeuka. Kamba ikalegea, na kwato zikasikika nyuma yake. Alipofika mlangoni akaniambia, "Mwalimu, kumbe nilikuwa sijaamua."

Sikumfundisha mimi maneno hayo.

Hayo yatanisaidia nje ya shamba, au ni ya hapa hapa?

Mengine ni ya hapa hapa, nisikudanganye. Mtu anaweza kuwa hodari juu ya tandiko na bado akashindwa kumwambia mwenye nyumba wake kwamba paa linavuja. Wanaokuja mara moja kwa ajili ya picha hawaondoki na kitu zaidi ya picha.

Wanaorudi wiki baada ya wiki huondoka na mazoea. Dada yule aliniambia baadaye kwamba mikono bado inamtetemeka kwenye kikao, ila sasa hasemi mpaka pumzi ishuke, na akishaanza hageuki kuangalia nani anamfuata. Mazoea ya namna hiyo yanaingia mwilini kwa sababu farasi anajibu papo hapo, mara hamsini kwa saa, bila kinyongo cha jana wala kujipendekeza. Binadamu akikukosoa unaweza kusema ana wivu. Farasi akikataa kusogea utamsingizia nini?

Mtoto wangu ana haya sana. Nikimleta atachangamka?

Swali hili huulizwa na wazazi wakiwa wamemshika mtoto mabegani, naye anatazama viatu vyake. Kwanza niulize: ni yeye anataka kuja, au ni wewe? Kama ni wewe, njoo upande wewe.

Kama ni yeye, mlete, lakini uondoe hesabu ya kuchangamka. Farasi hapendi waliochangamka kupita kiasi. Mtoto mpole, anayeongea chini, asiyerusha mikono, ana mtaji hapa ambao darasani huitwa kasoro. Kuna kijana wa miaka kumi na moja mwenye kigugumizi aliyekuja kwetu msimu mzima wa kiangazi. Wiki za kwanza hakusema na mtu. Alisema na Ulanzi, sikioni, sentensi ndefu, na alipokwama kwenye neno Ulanzi alisubiri tu, kwa sababu farasi hana haraka ya kummalizia mtu sentensi. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akiwaelekeza wageni wapi pa kusimama. Kigugumizi hakikuondoka. Kilichoondoka ni kuomba radhi kila kilipotokea.

Ombi moja kwa wazazi: msisimame kwenye uzio mkipiga kelele "Usiogope! Kaa wima! Baba anakuona!" Farasi anawasikia, na mtoto pia. Tuna kibanda na birika la chai, chai ya hapa hapa Mufindi, na kimejengwa mahali ambapo uwanja hauonekani vizuri. Tulipachagua makusudi.

Umri? Kupiga brashi na kulisha, hata wa miaka minne akiwa na mtu mzima. Kupanda kwa kuongozwa, kuanzia sita hivi. Kushika hatamu peke yake, pale miguu inapofika mahali ambapo farasi anaihisi.

Nikianguka?

Ukipanda muda mrefu utaanguka. Tunapunguza uwezekano, hatuufuti. Kofia ngumu ni lazima kwa kila mtu, bingwa na mgeni, na kofia ya bodaboda haifai kwa sababu haikutengenezwa kwa anguko la namna hii na ni nzito shingoni. Kiatu kiwe na kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku ukakuburuza. Na kabla ya kupanda unakaza mkanda wa tandiko, unatembea hatua chache, kisha unakaza tena, maana farasi wengine hutanua kifua ukifunga mara ya kwanza.

Hilo la mwisho nililijua tangu zamani, na bado siku moja nilikuwa na haraka, wageni wanasubiri, nikafunga mara moja tu. Tulipoingia kwenye barabara ya katikati ya chai tandiko likazunguka taratibu kama saa ya ukutani, nami nikateremka nalo mpaka kwenye mfereji, mbele ya wachumaji chai waliokuwa na muda mzuri wa kutazama. Walicheka mpaka wakaweka vikapu chini. Nilitembea kurudi. Farasi alikuwa amesimama pale pale akila majani. Nilipanda tena siku hiyo hiyo, lakini siyo kwa sababu ya ule usemi kwamba ukianguka upande mara moja. Mgeni akigonga kichwa au akihisi kizunguzungu hapandi tena siku hiyo, anapelekwa hospitali. Uchungu wa kuanguka mwili huusahau. Kuchekwa na kurudi tena kesho yake kwenye barabara ile ile ndiko kulikonifanya nione kwamba aibu nayo haiui.

Mimi ni mnene, na nina miaka hamsini na nane. Nimechelewa?

Miaka siyo tatizo. Magoti huenda yakawa, kwa hiyo tuna ngazi ya mbao ya kupandia na hata vijana tunawapandisha kwayo, inamwokoa farasi mgongo. Kuhusu uzito tuna kanuni: mtu pamoja na tandiko visizidi karibu asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 atabeba kilo 90, na tandiko peke yake linaweza kufika kilo kumi. Tuna mizani. Akizidi, mtu anafanya kazi za ardhini, na nimeshasema mawazo yangu kuhusu kazi za ardhini.

Mwenye ulemavu anaweza kupanda?

Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, na chini ya magoti miguu yake haikupata nguvu tena. Mwaka 1952, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa ufundi kwenye Olimpiki, alishinda medali ya fedha kule Helsinki. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, na mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani. Mwaka 1956 akapata fedha tena. Kwa mguu usiojibu, alimzoeza farasi kusikia mgongo na uzito wake tu.

Kuna sababu ya kimwili pia. Farasi akitembea, nyonga za aliyempanda husogea mbele, pembeni na kuzunguka kidogo, karibu sawa na za mtu anayetembea kwa miguu yake. Ndiyo maana nchi nyingi wataalamu wa viungo hutumia farasi katika matibabu. Sisi siyo wataalamu hao. Aliye na tatizo la uti wa mgongo, kifafa au nyonga aje na maneno ya daktari wake kwanza. Na farasi hatibu sonona. Anaweza kumpa mtu sababu ya kuamka asubuhi, ambayo siyo kitu kidogo, lakini vidonge na mshauri visiachwe kwa ajili yake.

Si mchezo wa wazungu huu?

Waulize Waethiopia, au Wahausa wa Nigeria wanaopamba farasi wao siku ya Idi kuliko maharusi. Waulize watu wa Lesotho, nchi ya milima na baridi kama yetu, ambako mtu anakwenda dukani juu ya farasi amejifunga blanketi, kama mzee wa Makete mwezi wa saba. Kilichofanya sisi tusiwe nao ni mbung'o na visubi, siyo ngozi zetu. Tandiko lina bei ya kutisha, hilo nakubali. Lakini hapa shambani anayejua farasi kuliko wote ni mtu aliyeishia darasa la saba, na wageni wenye mashamba yao husubiri zamu ili awaangalizie kwato, maana ukwato hukua milimita sita hadi kumi kwa mwezi na lazima upunguzwe kila wiki sita hadi nane. Ni fundi, na kazi haimwishi.

Nyumbani tuna punda. Naweza kuanzia kwake?

Anzia! Ukiwa Mbarali au Makete na punda wa kubeba mpunga au viazi, una mwalimu wa bure. Tofauti ni kwamba farasi akishtuka hukimbia kwanza na kufikiri baadaye, wakati punda husimama kwanza na kufikiri. Tunamwita mkaidi na kumpiga fimbo, kumbe anapima kama daraja litamhimili. Punda akikukubali kwa mazungumzo ya kamba bila fimbo, farasi atakuwa mwepesi kwako. Na ule msemo wa fadhila ya punda kuwa mateke, mimi ningependa kujua huyo punda alifadhiliwa nini hasa.

Mnawapiga?

Hapana. Tunagusa na kuachia. Unabonyeza kidogo, akisogea unaachia palepale, na huko kuachia ndiko kunakomfundisha. Wapandaji wengi wanajua kubonyeza. Kuachia kwa wakati ndiko kunakochukua miezi.

Nivae nini? Navaa hijabu.

Suruali ndefu isiyobana, viatu vilivyofungwa, sweta hata kama Iringa umeacha jua kali. Hijabu haina shida: iwe nyepesi, ifungwe bila fundo kisogoni ili kofia ikae vizuri, na pini ziwe za plastiki au usiwe nazo. Dera na kanga za kupepea uziweke kibandani, upepo ukizishika farasi ataona bendera.

Nije msimu gani?

Juni hadi Oktoba. Mvua zikianza Novemba utelezi ni mwingi na tunafunga siku nyingi hadi Aprili.

Bei?

Hutegemea bei ya pumba mwezi huo, na sitanii. Piga simu kabla ya kuja.

Niwaletee nini farasi?

Karoti, ukizikata kwa urefu kama vidole, siyo vipande vya duara vinavyoweza kumkaba. Matofaa ya Makete wanayapenda, yakatwe na mbegu zitolewe. Uliza kwanza, kisha weka kwenye kiganja kilichonyooka, kidole gumba kikiwa kimelala pamoja na vingine.

Usilete mkate, viazi vibichi, wala mahindi yaliyoota ukungu hata kidogo. Farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia, na ukungu wa mahindi huharibu ubongo wake. Na tafadhali, tafadhali, ninyi wa Njombe na Rungwe mnaokuja na gunia la parachichi kwa moyo mweupe: parachichi ni sumu kwa farasi, tunda, jani na gome. Gunia mnipe mimi. Nimeshazoea kulishusha kwenye gari huku Ulanzi akininyooshea shingo kwa hasira kutoka dirishani.